Maji Hutangulia Reli
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: historia ya kazi za ujenzi

Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Afrika ya Mashariki mahali panapoonekana na watu wote, na uandike ubaoni maneno manne: taruma, bohari, mwashi, nyapara. Tutayakuta njiani.

Kabla ya kuingia katika historia nitakueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilitumwa kusaidia kijiji kimoja kilichotaka kujenga darasa la watu wazima, chumba kimoja tu cha matofali na paa la bati. Watu walichanga fedha. Akina mama waliuza karanga zao za msimu mzima. Fedha zilipotimia tulinunua simenti mara moja, mifuko 40, kwa kuwa tuliogopa bei itapanda. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Simenti ikawekwa katika kibanda cha nyasi, tukawa tunangoja mchanga. Lori la mchanga halikuja, maana daraja la mtoni lilikuwa bovu na hakuna aliyekwenda kulitazama. Mvua zikaanza. Lori lilipofika mwishowe, mifuko 19 ilikuwa imegeuka mawe.

Mzee mmoja wa kamati aliugonga mfuko mmoja kwa bakora yake, ukalia kama mwamba. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa mwizi ni nani?"

Sikuwa na jibu. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake kwa moyo, na hakuna aliyechukua hata senti. Hata hivyo mali ya watu ilikuwa imepotea. Baadaye, katika kusoma historia ya reli zetu, nilianza kuona jibu, na leo nataka tulitafute pamoja. Pengine wewe ni mwashi, au nyapara wa barabara, au mjumbe wa kamati ya kujenga zahanati. Pengine wewe na wenzako mnafikiri kuanzisha kampuni yenu ndogo ya ujenzi. Basi historia hii inakuhusu.

Tazama ramani. Weka kidole chako Mombasa, kisha ukipeleke polepole mpaka Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Hiyo ndiyo njia ya Reli ya Uganda. Usishangae jina lake. Reli yote imo katika nchi tunayoiita leo Kenya, lakini shabaha ya Waingereza ilikuwa Uganda, na siku zile hata upande wa Kisumu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Urefu wa njia ni maili 582. Chuma cha kwanza kililazwa Mombasa mwezi wa Mei 1896, na reli ikafika ziwani Desemba 1901.

Miaka 5 na nusu si mingi kwa njia ndefu kama hiyo. Lakini sasa angalia gharama. Mwaka 1895 kamati moja huko London ilikadiria kwamba paundi 1,755,000 zingetosha. Mwaka 1896 Bunge la Uingereza likakubali paundi 3,000,000. Mwaka 1900 Serikali ikarudi Bungeni kuomba karibu paundi 2,000,000 nyingine. Kazi ilipohesabiwa mwisho ilikuwa imekula zaidi ya paundi 5,000,000. Wabunge wengine walikasirika sana, na magazeti ya London yakaifanyia reli hiyo mzaha.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Sehemu yake ililiwa na mabadiliko ya shauri. Njia ilikuwa imepimwa mwaka 1891 na 1892 kwa safari ya haraka. Kwanza walikusudia reli nyembamba na nyepesi. Kisha wakataka reli pana zaidi na imara zaidi, yenye upana wa mita moja kama reli nyingi za Bara Hindi. Kila aliyewahi kujenga nyumba anajua maana yake. Mwenye nyumba akisema, "Fundi, chumba hiki nakitaka kiwe kikubwa kidogo," baada ya msingi kuchimbwa, hasemi neno dogo.

Jambo la pili ni bandari. Mwaka 1896 hapakuwa na gati la meli kubwa pale Kilindini. Vyuma vya reli, mataruma, injini na mashine, vyote vilitoka ng'ambo kwa meli, vikashushwa katika matishari na kuvutwa pwani. Wafanyakazi walitoka Bara Hindi, na sehemu kubwa ya chakula chao, mchele na unga, ilitoka huko huko. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ulikwisha katika kujenga gati, mabanda, karakana na daraja la mbao la kuvukia kutoka kisiwani Mombasa. Mvua kubwa na malaria zikaijaza hospitali. Mwisho wa mwaka 1896 reli ilikuwa imekwenda maili 23 tu.

Waliokuwa London waliona uzembe. Mimi sikubaliani nao kabisa. Injinia Mkuu, George Whitehouse, alikuwa amejenga reli katika nchi nyingine kabla ya kuja Mombasa, akajua kwamba ukilaza vyuma kabla ya kuwa na mahali pa kuvipokelea na kuvitunza, utasimama katikati ya pori mikono mitupu. Kosa lilikuwa la makadirio, maana yalihesabu maili za reli yakasahau gati.

Halafu ikaja Nyika ya Taru. Walioipita wanaijua: miiba, vumbi jekundu, na maji hakuna. Maelfu ya watu wanahitaji kunywa, na injini ya mvuke nayo inakunywa maji kuliko watu. Maji yaliletwa kwa gari moshi kutoka nyuma. Hebu fikiri hesabu hiyo. Njia ni moja tu. Kila behewa la maji ni behewa moja lisilochukua mataruma. Gari la maji likichelewa, watu wanakaa chini kwa kiu. Gari la mataruma likichelewa, watu wanakaa chini vile vile, ila mishahara yao inaendelea. Na kadiri reli inavyokwenda mbele ndivyo safari ya maji inavyozidi kuwa ndefu. Wanyama wa mizigo, punda, nyumbu, ng'ombe na hata ngamia, walikufa kwa mamia kwa ugonjwa wa mbung'o, kwa hiyo hapakuwa na msaada wa upande. Mtu anayepanga kazi ya namna hii halali usingizi akiwaza nyundo na misumari. Anawaza madumu ya maji ya kesho kutwa.

Hata hivyo mwisho wa 1897 reli ilikuwa imefika Voi, kiasi cha maili 100 kutoka pwani. Mapema mwaka 1898 ilifika mto Tsavo, na hapo tutakaa kidogo.

Mto ulihitaji daraja la chuma lenye nguzo za mawe. Daraja kama hilo si kazi ya mwezi mmoja. Je, watandika reli wote wangoje ukingoni? Whitehouse hakungoja. Lilijengwa daraja la muda, la mbao, reli ikavuka na kuendelea mbele, na injinia mmoja akaachwa nyuma na watu wake kujenga daraja la kudumu. Injinia huyo alikuwa J. H. Patterson, aliyefika Tsavo mwezi wa Machi 1898. Watu wengi wanamjua kwa sababu ya simba. Mimi nataka kwanza tumtazame kwa sababu ya waashi.

Mwashi, yaani fundi wa mawe, alilipwa rupia 45 kwa mwezi. Kuli wa kawaida alilipwa rupia 12. Unaona jaribu lililopo? Watu wengi walijiandikisha kuwa waashi ambao hawakujua hata kushika patasi. Patterson mwenyewe ameandika habari hii katika kitabu chake. Alipoona mawe hayachongwi ingawa waashi wamejaa, aliweka kanuni mpya: kila mtu alipwe kwa kipimo cha kazi yake. Mwashi wa kweli angepata rupia zake 45, na zaidi kidogo akitaka. Mwashi wa jina tu angepata karibu sawa na kuli.

Kanuni hiyo ilikuwa ya haki kwa waashi wa kweli, nayo iliyafanya mawe yachongwe. Lakini ilimletea Patterson hatari ya kifo. Mwezi wa Septemba 1898 kundi la wale waliopunguziwa malipo lilimzunguka katika machimbo ya mawe, likakusudia kumwua. Aliruka juu ya mwamba akasema nao kwa Kihindustani, lugha aliyoijua vizuri, na hasira yao ikatulia kwa saa ile. Baadaye polisi wa reli waliwakamata viongozi wao.

Wanaosimulia kisa hiki humsifu Patterson kwa ushujaa wake. Mimi nauliza swali la mtu wa kamati: kwa nini kipimo hakikuwekwa siku ya kwanza? Mtu aliyekwisha pokea rupia 45 kwa miezi kadhaa ameiandikia familia yake Punjab kuhusu hizo 45. Ukimrudisha 12 ghafla, hata kama hakustahili zaidi, umemfanya adui. Siku ya kuajiri mtu ndiyo siku ya kumpa jiwe moja na patasi, ukasimama kando ukatazama.

Sasa simba. Kwa miezi mingi ya mwaka 1898 simba wawili waliingia makambini usiku wakatoa watu mahemani. Patterson alihesabu makuli 28 wa Kihindi waliouawa, pamoja na Waafrika ambao idadi yao haikuandikwa. Kambi nyingi zilikuwa zimetawanyika kando ya njia, na boma za miiba hazikumzuia simba. Watu walisema wamekuja kuifanyia kazi Serikali, si kuwa nyama. Mwezi wa Desemba wengi wao walilala juu ya reli wakalisimamisha gari moshi, wakapanda wakaondoka. Kazi ya daraja ikasimama kiasi cha wiki tatu, mpaka Patterson alipowapiga simba wote wawili mwezi huo huo. Mbao zilikuwepo, mawe yalikuwepo, fedha za mishahara zilikuwepo. Kilichokosekana ni usingizi.

Na tusiwasahau waliokufa bila simba. Wahindi waliochukuliwa kwa kazi ya reli walikuwa 31,983. Kati yao walikufa 2,493, wengi kwa maradhi, na zaidi ya 6,000 wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Waafrika waliokata pori na kubeba mizigo hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Mimi namheshimu Whitehouse kwa jinsi alivyopanga vitu. Katika kupanga uhai wa watu, kazi ile haikufanikiwa hivyo.

Reli ilifika mahali pa maji baridi, palipoitwa na Wamasai Enkare Nairobi, tarehe 30 Mei 1899. Hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda, na mbele yake milima ya Kikuyu. Whitehouse aliona kwamba huo ulikuwa uwanda wa mwisho mpana kabla ya kupanda na kisha kuteremka katika Bonde la Ufa. Akaamuru bohari, karakana na makao makuu ya reli yahamie hapo kutoka pwani. Mwalimu, waonyeshe wanafunzi mahali hapo kwenye ramani. Jiji kubwa la Nairobi, lenye mamilioni ya watu leo, lilianza kama bohari ya mjenzi aliyeona kwamba vifaa vyake vimekaa mbali mno na kazi yake.

Ukingo wa Bonde la Ufa ulikuwa mtihani mwingine. Ili gari moshi literemke salama ilitakiwa njia ya kuzunguka kando ya mlima, yenye madaraja marefu, na madaraja hayo yangechukua muda mrefu. Wajenzi wakaweka njia ya muda iliyoshuka moja kwa moja mlimani kwa kamba nene za chuma. Behewa lililojaa liliteremka polepole, na kwa uzito wake likavuta behewa tupu kupanda. Kwa njia hiyo vyuma na mataruma vilishuka bondeni mwaka 1900 na 1901, na reli ikaendelea kuelekea ziwani huku njia ya kudumu inajengwa nyuma yake. Ni shauri lile lile la Tsavo: kazi moja isiizuie nyingine kama upo uwezekano wa kuzitenga.

Katika manunuzi nao walijifunza kwa shida. Mwaka 1897 na 1898 palikuwa na mgogoro mkubwa kati ya mafundi wa mashine na matajiri wao Uingereza, na injini zilizoagizwa huko zikachelewa. Baadaye injini nyingine ziliagizwa Marekani, na madaraja ya chuma ya upande wa Mau yakapewa American Bridge Company, kwa kuwa waliahidi bei nafuu na muda mfupi. Waingereza wengi walinung'unika, lakini reli ilipita.

Tuondoke sasa Kenya, twende kusini, na turuke miaka 70. Weka kidole Dar es Salaam, ukipeleke Mlimba, Makambako, Mbeya, Tunduma, mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ni kilomita 1,860. Hii ni TAZARA, ambayo wazee wengi huiita Reli ya Uhuru. Benki ya Dunia iliukataa mpango huo mwaka 1964. Tanzania na Zambia zikapatana na China mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ilifunguliwa rasmi Oktoba 1970 na vyuma vikakamilika Juni 1975, kabla ya muda uliowekwa.

Nimeichagua kwa sababu ya mambo yaliyofanyika kabla ya Oktoba 1970. Wapimaji walikuwa wamekwisha tembea njia hiyo kwa miguu kiasi cha miaka miwili, mabondeni na milimani. Makambi yalipangwa kando ya njia, na karakana kubwa ikawekwa Mang'ula, ili tingatinga likiharibika lisirudishwe Dar es Salaam. Hata fedha za mishahara zilifikiriwa: bidhaa za China ziliuzwa madukani Tanzania na Zambia, na mapato yake yakalipa gharama za hapa nyumbani.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mlimba ni kilomita 502, nazo zilikwisha Novemba 1971. Kutoka Mlimba kupanda Makambako ni kilomita 150 na kitu tu, lakini mahandaki mengi ya reli nzima, 18, yamo humo, kwenye mawe, matope na maporomoko. Wafanyakazi wetu walikuwa zaidi ya 30,000, wengi wao vijana wasiowahi kuona hata toroli. Wengi waliofanya kazi huko husimulia kwamba mtaalamu wa Kichina hakuagiza kwa kidole. Alishika sururu akaonyesha, kisha akampa kijana sururu hiyo. Mimi naona hiyo ilikuwa shule, ingawa ilikuwa shule ngumu. Zaidi ya watu 160 walikufa, kati yao Wachina zaidi ya 60. Makaburi yao yapo Gongo la Mboto, ukipita uyatazame.

Usidhani basi kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Injini za kwanza hazikuwa na nguvu za kutosha kwa miinuko ile. Vipuri vilikosekana, mafundi wazoefu walikuwa wachache, na udongo uliporomoka juu ya njia mara kwa mara. Reli ilikabidhiwa Julai 1976, lakini haikupata kubeba mizigo yote iliyokusudiwa kwa mwaka. Waliopanga ujenzi kwa uangalifu mkubwa hivyo hawakupanga uendeshaji kwa uangalifu ule ule. Hilo litakuwa somo la siku nyingine.

Turudi kijijini kwetu. Mwaka uliofuata tulianza upya, na safari hii tulianza mwisho. Tuliandika kwenye karatasi: paa. Tukauliza, kabla ya paa nini? Mbao na kuta. Kabla ya kuta? Matofali, mchanga, simenti, maji. Kabla ya mchanga? Lori. Kabla ya lori? Daraja la mtoni. Basi kazi ya kwanza ya kujenga darasa ilikuwa kutengeneza daraja, na watu wengine walicheka kwamba tumepotea njia. Mzee yule wa bakora alipewa kazi ya bohari. Aliinua simenti juu ya magogo, akazuia mtu yeyote asiilete zaidi ya mifuko 10 kwa mara moja, hata mimi.

Zoezi lenu la juma hili ni hili. Chagueni jengo moja linalojengwa karibu nanyi, au mnalotaka kulijenga. Mwandikeni mwisho wake juu ya karatasi, kisha mteremke kwa swali moja: kabla ya hili, nini? Endeleeni mpaka mfike kwenye kitu mnachoweza kukifanya kesho asubuhi. Wanaojifunza kuandika waandike neno moja kwa kila mstari. Mwalimu akusanye karatasi, tutazisoma baadhi yake hewani. Kwaherini mpaka Jumatano, saa ile ile.